Ng'ombe, ngoma na seva iliyohamishwa usiku

Ndugu zangu, leo siandiki siasa. Mliozoea kuja hapa kutafuta nani kasema nini bungeni mnisamehe, nitarudi huko. Leo nina ugomvi na mafundi wa kompyuta, na zaidi ya mafundi nina ugomvi na mabosi wao. Ugomvi wenyewe ni kuhusu ile tabia ya kupandisha toleo la hifadhidata usiku wa manane, kukutana na kosa kwenye skrini, kulinyamazisha kwa dawa yoyote iliyo karibu, halafu asubuhi kutangaza kifua mbele kwamba mfumo uko hewani. Uko hewani, sawa. Je, unasema kweli?

Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Hifadhidata (au kanzidata, kama wengine mnavyopenda kuiita), seva, maktaba za programu, hayo si mambo ya wale vijana wanaoshinda kwenye chumba chenye kiyoyozi? Subirini kidogo. Mshahara wako umo kwenye hifadhidata. Matokeo yako ya mtihani yamo. Bima, namba ya mita ya umeme, deni la mkopo wa chuo, vyote vimo. Siku hifadhidata ikisema haikujui, basi kwa yule aliyekaa upande wa pili wa dirisha wewe hupo, hata kama umesimama mbele yake na kitambulisho mkononi.

Sasa hiyo maktaba. Siisemi ile ya vitabu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maktaba kwa watu wa programu ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingi hulitumia kwa pamoja badala ya kila moja kujiandikia zake. Tovuti yako iliyoandikwa kwa PHP haijui yenyewe kuzungumza na MySQL, inazungumza kupitia maktaba. Programu ya mhasibu haijui kuzungumza na PostgreSQL, inapitia maktaba iitwayo libpq. Na PostgreSQL yenyewe, pamoja na sifa zake zote, kwa kawaida haijui ni herufi ipi inatangulia ipi. Inaiuliza maktaba ya mfumo wa Linux, jina lake glibc. Shikeni hilo la mwisho, tutalirudia, ndilo lililonifanya niandike.

Mambo yakiwa shwari hakuna anayekumbuka kwamba maktaba zipo. Unapandisha toleo la hifadhidata, maktaba zilizoizunguka zinabaki za zamani, au unapandisha mfumo mzima wa kompyuta na maktaba zinabadilika chini ya hifadhidata bila wewe kuambiwa. Hapo pande mbili zilizokuwa zinaelewana zinaanza kuzungumza lugha mbili. Mara nyingine zinagombana kwa kelele, mara nyingine kimyakimya. Na mimi nasema hivi: ugomvi wa kelele ndio wa kushukuru.

Chukueni MySQL. Nitaanza mbali kidogo, mwaka 2004, kwa sababu kisa hiki kimejirudia mpaka kinachosha. Toleo la 4.1 lilipotoka mwaka huo lilibadilisha namna ya kuhifadhi maneno ya siri. Zamani neno la siri lilisagwa likawa mfuatano wa herufi na tarakimu 16. Toleo la 4.1 likaleta mfuatano wa 41, ulio mgumu zaidi kuuvunja. Jambo jema kabisa. Tatizo likawa PHP. PHP 4 ilikuwa imebeba ndani yake maktaba ya MySQL ya enzi za toleo la 3.23, na maktaba ile haikuijua lugha mpya. Ukipandisha seva tu, tovuti inakufa papo hapo, na ujumbe wa kosa unakueleza bila kuficha kwamba programu mteja haifahamu utaratibu wa uthibitisho unaotakiwa na seva, kwa hiyo fikiria kupandisha toleo la upande wa mteja. Jamani, ugonjwa umetajwa na dawa imetajwa. Ni hospitali ngapi zinakupa huduma ya namna hiyo?

(Kwa haki niseme kulikuwa na mkanganyiko wa leseni pia. MySQL 4.0 ilihamisha maktaba ya upande wa mteja kutoka leseni ya LGPL kwenda GPL, na PHP 5 ilipotoka Julai 2004 haikuibeba tena maktaba ile ndani yake. Kwa hiyo fundi wa wakati ule alipaswa kuitafuta mwenyewe na kuiunganisha. Haikuwa uvivu mtupu.)

Lakini badala ya kupandisha upande wa mteja, wengi walikimbilia kitu kinaitwa OLD_PASSWORD. Unarudisha neno la siri kwenye mtindo wa herufi 16, tovuti inafufuka, unakwenda kulala. Deni likabaki pale pale. Mwaka 2013 toleo la 5.6 likaanza kuyakataa maneno ya siri ya mtindo huo, isipokuwa ulegeze kwa makusudi. Mwaka 2015 toleo la 5.7 likayaondoa moja kwa moja. Aliyelala mwaka 2004 akaamshwa zaidi ya miaka 10 baadaye, pengine yeye ameshahama kazi na aliyeamshwa ni kijana mwingine asiyejua kitu.

Mngedhani watu walijifunza. Toleo la 8.0 lilipotoka Aprili 2018 lilikuja na utaratibu mpya uitwao caching_sha2_password, PHP nyingi zilizokuwa kazini hazikuujua, tovuti zikafa, na dawa ikawa ileile kwa jina jingine: rudisha mysql_native_password. Safari hii nawaelewa zaidi, maana PHP iliumudu utaratibu huo vizuri ilipofika 7.4, Novemba 2019. Kama ulirudisha utaratibu wa zamani mwaka 2018 ukaandika mahali kwamba hili ni la muda, litaondolewa PHP ikipanda, mimi nakuvulia kofia. Wangapi waliandika? MySQL 8.4 ya Aprili 2024 imeuzima utaratibu huo wa zamani isipokuwa uuwashe mwenyewe, na 9.0 ya Julai 2024 imeufuta. Simu za usiku zimeanza tena.

Kuna dawa nyingine ya kienyeji ambayo inanitia uchungu zaidi. Programu inagoma kuwaka, inasema haioni faili libmysqlclient.so.18. Fundi anatazama kwenye mashine, anaona ipo libmysqlclient.so.20. Anatengeneza kiungo, yaani jina la bandia: faili liitwe 18 lakini likifunguliwa liende kwenye 20. Programu inawaka! Fundi anajiona mganga.

Ile namba ya mwisho haikuwekwa kwa urembo. 18 ni ya MySQL 5.5 na 5.6, 20 ni ya 5.7, 21 ni ya 8.0. Walioiandika maktaba hubadilisha namba hiyo kuwaambia wengine kwamba umbo la ndani limebadilika, na programu iliyojengwa kwa maktaba ya zamani inabidi ijengwe upya. Ukitengeneza jina la bandia umefanya kama mtu aliyeng'oa kibao cha Mbagala akakiweka kwenye daladala ya Mwenge. Abiria watapanda, gari itaondoka, na kwa dakika kadhaa kila mtu atafurahi. Programu inatafuta taarifa mahali ilipozizoea kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inakuta pana kitu kingine. Ukiwa na bahati inaanguka siku hiyohiyo. Ukikosa bahati inaendelea.

Na wala kujua ukweli si kazi ngumu. Amri ya ldd inakuonyesha programu itaita maktaba zipi na kutoka wapi. Kama programu tayari inakimbia, faili la maps lililo ndani ya /proc linakuonyesha maktaba ilizokwisha kuzibeba, na ukiona pameandikwa kwamba faili limefutwa, ujue umeweka maktaba mpya lakini programu bado imeshika ya zamani, iwashe upya. Kwa PHP, phpinfo inakutajia toleo la maktaba ya MySQL inayotumia, ila angalia: PHP ya tovuti na PHP unayoiita kwa kuandika amri zinaweza kuwa mbili tofauti kwenye mashine moja. Watu wamepoteza usiku mzima wakichunguza ile isiyo na ugonjwa.

Haya, tuje kwenye kisa chenyewe. Kuna chombo kimoja cha habari, sitakitaja, ninakiandikia mara mojamoja. Kina waandishi wachache makao makuu na wengine wengi mikoani, wale tunaowaita wawakilishi, wanaolipwa kwa habari. Orodha yao, habari zao na malipo yao vimo kwenye PostgreSQL. Seva ilikuwa Ubuntu 18.04 yenye PostgreSQL 10. Usiku mmoja wa Jumamosi ikahamishwa kwenda Ubuntu 22.04 yenye PostgreSQL 14. Bosi alitoa agizo kwamba saa kumi na mbili asubuhi kila kitu kiwe kimerudi.

Tatizo la kwanza lilipiga kelele. Programu ya mhasibu, iliyoko kwenye kompyuta yake, ilikuwa na libpq ya enzi za PostgreSQL 9. Tangu toleo la 14, la Septemba 2021, PostgreSQL imefanya SCRAM kuwa utaratibu wake wa kawaida wa maneno ya siri, na libpq iliyo chini ya 10 haiufahamu. Ikasema aina ya uthibitisho namba 10 haitambuliki. Fundi akadhani wanazungumzia PostgreSQL 10 aliyokwisha kuiondoa, akaitafuta kwa saa nzima! Ile 10 ni namba tu ya aina ya ujumbe katika mazungumzo ya seva na mteja, haihusiani na toleo. Mwishowe akarudisha maneno ya siri kwenye mtindo wa md5, mhasibu akaingia, saa tisa usiku kazi ikatangazwa imekwisha. Jumatatu watu wakapongezana.

Mwisho wa mwezi mwakilishi mmoja wa Shinyanga akapiga simu. Hajalipwa. Jina lake la ukoo linaanza na Ng', kama majina mengi ya kule. Mhasibu akaandika jina, mfumo ukajibu hakuna mtu huyo. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi. Hakuna. Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya, akamsajili upya. Sasa sikilizeni: mfumo ule una sharti kwamba jina moja haliwezi kusajiliwa mara mbili. Siku zote ukijaribu unagombezwa. Safari hii ulipokea bila neno.

Mwezi uliofuata mkaguzi wa ndani akachapisha orodha nzima. Akaona jina moja mara mbili, kila moja na namba yake, na moja likiwa halina habari hata moja. Nanyi mnajua nchi hii, mwaka 2016 tulishinda tukisoma habari za wafanyakazi hewa mpaka neno "hewa" likawa tusi. Malipo ya bwana yule yakasimamishwa kupisha uchunguzi. Mtu ameandika habari za maji, za pamba, za ajali, amepanda bodaboda kwa fedha yake kwenda kutafuta kauli ya mtendaji wa kijiji, halafu Dar es Salaam inamwandikia barua ikimtaka athibitishe kwamba yeye ni mtu.

Fundi ni mtu ninayefahamiana naye vizuri, na alikuwa amechanganyikiwa. Tulikaa naye jioni moja. Jambo la ajabu ni hili: ukiomba orodha ya wote, yule bwana yupo. Ukimtafuta kwa jina, hayupo. Tukaanza kujaribu majina mengine. Wa Juma wapo, wa Mushi wapo. Wa Ng' wengine wapo, wengine hawapo. Mwenye majina mawili yaliyounganishwa kwa kistari, hayupo. Basi hapo ndipo mwanga ukaja. Wote waliopotea walikuwa na alama ndani ya jina au jirani kwenye orodha mwenye alama.

Rudini sasa kwa glibc. Tarehe 1 Agosti 2018 lilitoka toleo lake la 2.28, na humo kanuni za kupanga maneno zilisasishwa zifuate kiwango kipya cha kimataifa. Kabla ya hapo, alama kama kistari na ritifaa ziliwekwa kando kwanza: maneno yalilinganishwa kana kwamba hazipo, na ziliangaliwa mwishoni tu pale maneno yalipofungana. Tangu 2.28 zinahesabiwa, na zinatangulia herufi. Jaribio linalotumiwa na watu wa PostgreSQL ni kupanga vitu viwili, 11 na 1-1, kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Mashine ya zamani inaanza na 11. Mashine mpya inaanza na 1-1. Kwetu jaribio ni tamu zaidi. Panga ngoma na ng'ombe. Kwa kanuni ya zamani ritifaa inarukwa, unalinganisha ngoma na ngombe, kwa hiyo ngoma inatangulia. Kwa kanuni mpya ng'ombe anatangulia ngoma.

Mtasema, sasa ng'ombe akitangulia ngoma kuna hasara gani? Hasara iko kwenye faharasa. Hifadhidata haipekui majina yote kila unapouliza, ingechelewa mno. Ina faharasa iliyopangwa, inafungua katikati, inajiuliza niende kushoto au kulia, inafungua tena, kama wewe unavyofungua kamusi. Faharasa ya majina ilipangwa kwenye Ubuntu 18.04, yenye glibc 2.27, kwa kanuni ya zamani. Usiku ule ikabebwa kama ilivyo mpaka Ubuntu 22.04, ambako kanuni ni mpya. Kwa hiyo unafungua ukurasa ambao neno lilipaswa kuwepo kwa kanuni ya leo, hulioni, unaapa kwamba halipo. Lipo, kurasa chache mbele. Na lile sharti la kuzuia majina mawili nalo linaangalia faharasa hiyohiyo, likaangalia mahali pasipo, likaona pako wazi, likaruhusu.

Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Hakuna ujumbe, hakuna rangi nyekundu. PostgreSQL iliiuliza maktaba, maktaba ikajibu kwa ukweli wake wa sasa, na majibu ya uongo yakaanza kutoka kwa adabu kabisa. Linganisheni na ule ugomvi wa namba 10 uliomfanya fundi atoe jasho kwa saa nzima. Ule haukumnyima mtu hata shilingi.

Niseme pia kwamba janga hili halikuwa siri. Debian 10 ilikuja na 2.28 mwaka 2019, Red Hat Enterprise Linux 8 hali kadhalika, na aliyeruka kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04 alivuka mpaka huohuo. Wataalamu wa PostgreSQL walilitangaza mapema. Wazungu wenye majina kama O'Brien nao liliwapata. Ila kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia, bila hiyo ng'ombe si ng'ombe, na kuna mikoa mizima ambako nusu ya daftari la darasa lina Ng' ndani yake. (Na tusiingie kwenye ritifaa iliyopinda inayoandikwa na simu, ambayo kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa. Hiyo siku yake ipo.) Mfumo wa kuandikisha wanafunzi, zahanati, chama cha ushirika wa pamba, kama hifadhidata yake ilihamishwa kwa namna ile na hakuna aliyejenga faharasa upya, ningependa mtu akaangalie.

Sasa lawama. Fundi alihamisha kwa pg_upgrade, ambayo hubeba mafaili pamoja na faharasa zake bila kuzijenga upya, kwa sababu ni ya haraka. Angeitoa data yote kama maandishi kwa pg_dump na kuiingiza upande wa pili, faharasa zingejengwa upya kwa kanuni mpya na kisa hiki kisingekuwepo. Lakini njia hiyo huchukua saa nyingi zaidi, na yeye alipewa mpaka saa kumi na mbili. Nani alichagua saa kumi na mbili? Nani alikataa kununua mashine ya pili ya kufanyia majaribio wiki moja kabla? Mimi sioni haki ya kumwandika fundi barua wakati bosi aliuliza swali moja tu, tovuti imerudi au haijarudi.

Wapo watakaosema dawa ni kutogusa kinachofanya kazi. Hao nawajua, wako kila ofisi. PostgreSQL 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, MySQL 5.7 Oktoba 2023. Kutogusa maana yake ni kukaa na mlango ambao fundi wake amestaafu. Na kadiri unavyokaa ndivyo maktaba zinavyozidi kuachana, kwa hiyo siku ukilazimika kugusa utagusa vitu kumi kwa mpigo, usiku mmoja, na hutajua kipi kimegombana na kipi.

PostgreSQL wenyewe wamejaribu kutusaidia. Toleo la 15, la Oktoba 2022, linaandika hifadhidata ilitengenezwa chini ya toleo gani la kanuni za kupanga, na likiona maktaba imebadilika linatoa onyo kila unapoingia. Onyo linakuambia jenga upya vitu vyote vinavyotegemea kanuni hizo, kisha toa amri ya REFRESH COLLATION VERSION. Amri hiyo ya pili haitengenezi kitu. Inaandika tu namba mpya, kama kusaini kwamba kazi imefanyika. Basi mwaka 2023 kontena za PostgreSQL zilipohama kutoka Debian 11 kwenda Debian 12 na onyo likaanza kuonekana, kuna watu niliwaona kwa macho yangu wakinakili mstari wa pili peke yake. Onyo likatoweka. Nikamuuliza mmoja, umejenga faharasa? Akaniambia, "Mbona imeshanyamaza?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Watengenezaji wamekuwekea king'ora, wewe unakata waya.

Kwenye uandishi tunafundishwa kutafuta vyanzo viwili, na hapa vipo bure. Muulize PostgreSQL swali moja mara mbili, mara moja akitumia faharasa, mara nyingine ukimkataza asiitumie apekue jedwali lote. Majibu yakitofautiana, chanzo kimoja kinadanganya. Au tumia amcheck, chombo kinachokuja na PostgreSQL tangu toleo la 10, kinakagua kama faharasa imepangwa inavyotakiwa na hunung'unika isipokuwa sawa. Kabla ya kuhama, andika maswali kumi ambayo majibu yake unayajua: wawakilishi wangapi, wa Shinyanga wangapi, yule wa Ng' namba yake ipi. Baada ya kuhama yaulize tena. Bosi asiyejua hata amri moja ya kompyuta anaweza kudai karatasi hiyo mezani kabla ya kupongeza mtu.

Kusafisha kulichukua muda kuliko kuhama. Amri ya kujenga upya faharasa ni neno moja, REINDEX, lakini ilipofika kwenye faharasa ya majina iligoma, ikasema kuna majina yanayojirudia na ikayataja. Hatimaye kelele! Ikabidi mhasibu na fundi wakae na kila jozi: rekodi ya zamani ina habari, rekodi mpya ina namba ya simu iliyosahihishwa, malipo ya mwezi mmoja yameelekezwa huku na ya mwezi mwingine kule. Hilo hakuna amri inayolimaliza, ni binadamu wawili na daftari. Programu ya mhasibu nayo ikapata libpq mpya, na md5 ikaondoka. Ilichukua dakika ishirini, zilezile dakika ishirini ambazo usiku ule zilionekana nyingi.

Barua ya kumtaka bwana yule athibitishe kwamba ni mtu imefutwa, kwa barua nyingine isiyo na neno samahani. Malipo ya mwezi mmoja ameshapata. Ya mwezi wa pili, nilipouliza mara ya mwisho, yalikuwa yanasubiri saini.